Namna ya Kudumu Katika Kutangaza Mpira Kwenye Televisheni

Kijana wa Dodoma anayetaka kutangaza mpira kwenye televisheni, na kuendelea kuutangaza hadi aote mvi, aanzie kwenye ndondo na michezo ya shule kama UMISSETA, ambako hakuna atakayemwandalia orodha ya wachezaji, hivyo atalazimika kufika mapema, kuuliza majina na kuyaandika daftarini pamoja na namba za jezi. Matamshi ya jina aulizwe mwenye jina. Mchezaji wa kigeni ambaye jina lake limeharibiwa kwa dakika 90 hasahau.

Kazi ngumu zaidi ni kujifunza kunyamaza. Wengi wetu tuliupenda mpira kwa kuusikiliza redioni, ambako mtangazaji hana budi kutuchorea kila pasi kwa maneno, na mazoea hayo tumeyahamishia kwenye televisheni, ambako mtazamaji amekwisha kuona mpira ukitoka wingi ya kulia na anachohitaji ni jina la aliyeupiga na sababu ya beki kuachwa. Nenda Uwanja wa Jamhuri siku Dodoma Jiji inapocheza, ukae pembeni, ujirekodi kwa simu: kipindi cha kwanza utangaze kiredio, cha pili kitelevisheni. Usikilize rekodi zote mbili usiku huohuo. Utajionea aibu, na ni vizuri uione ukiwa peke yako.

Mmarekani Vin Scully aliitangaza timu ya besiboli ya Dodgers kuanzia 1950 hadi 2016, misimu 67. Tarehe 8 Aprili 1974, mchezaji Hank Aaron alipopiga homurani (pigo linalouvusha mpira nje ya uzio wa uwanja) yake ya 715 na kuipita rekodi ya Babe Ruth, Scully alisema kwamba mpira umekwenda, kisha akanyamaza kwa muda mrefu akiuachia umati nafasi. Sidhani kama wengi wetu tungeweza kujizuia hivyo bao la dakika ya mwisho likifungwa.

Sauti nayo itunzwe, hasa kiangazi, upepo wa Dodoma unapobeba vumbi: kunywa maji kidogo kidogo kabla koo halijakauka, na usipige kelele kwa kila shuti, kwani bao likiingia hutakuwa na pa kupandia.

Daftari la msimu uliokwisha usilitupe, maana mshambuliaji aliyeondoka akirudi na timu nyingine utamhitaji humo. Andika mwaka kwenye jalada. Baada ya misimu 10 madaftari yote hufanana.