Umekabidhiwa seva ya LDM? Anzia hapa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Moshi, aliyekuja huku Marekani kusoma shahada ya pili, alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Profesa kanikabidhi seva ya data ya hali ya hewa, aliyekuwa anaisimamia kaondoka. Sijui hata pa kuanzia." Nikamjibu marahaba, nikamwambia asiguse kitu mpaka nimwandikie. Haya ndiyo niliyomwandikia, na nimeongeza mawili matatu kwa wengine watakaoachiwa mzigo huo huo.

Ujue kwanza ulichokishika. LDM (Local Data Manager) ni programu ya kupokea na kusambaza data ya hali ya hewa, ya Unidata, kituo cha Boulder, Colorado, kinachohudumia vyuo vikuu. Haiendi kuchota data kama unavyopakua faili kwenye tovuti. Inajiunga na seva iliyo juu yake kupitia poti 388, kisha kila kinachotoka, iwe ripoti ya uwanja wa ndege, skani ya rada au kipande cha modeli ya utabiri, kinasukumwa kwako papo hapo. Wewe nawe unaweza kuwasukumia walio chini yako. Ni kama mafundi wanaorushiana matofali kwenye ghorofa: wa juu akisimama, wote wa chini mikono mitupu.

Ingia kama mtumiaji ldm. Usiingie kama root, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote, hata kama aliyekutangulia alifanya hivyo, maana faili ukiziandika kama root, ldm atashindwa kuzigusa na utahangaika wiki nzima. Kisha andika:

ldmadmin watch

Mistari itaanza kupita. Mmoja utafanana na huu:

1286 20240510060412.451 IDS|DDPLUS 348172 SATN31 HTDA 100600

Kaa nao hapo kidogo. 1286 ni ukubwa kwa baiti. Tarakimu ndefu ni wakati data ilipoingizwa kwenye mtandao kule ilikotoka, siyo ilipokufikia wewe. IDS|DDPLUS ni mkondo wa maandishi. SATN31 HTDA ni METAR, yaani ripoti ya hali ya hewa ya viwanja vya ndege, kutoka Tanzania, imekusanywa uwanja wa Dar es Salaam, na 100600 ni tarehe 10, saa 0600 UTC, saa ya kimataifa. Sisi tuna bahati moja ambayo wenzetu hapa ofisini hawana: toa tatu kwenye saa ya UTC, unapata saa ya Kiswahili ya nyumbani. 0600 ni saa tatu asubuhi, 1200 ni saa tisa alasiri. Sijawahi kutumia jedwali.

Sasa linganisha ile tarakimu ndefu na saa ya sasa kwa UTC. Tofauti yake ndiyo ucheleweshaji, na ndiyo namba pekee ninayoiamini kwenye kazi hii. Ukimuuliza mtu "mkondo uko hewani?" atakwambia LDM inafanya kazi. Kufanya kazi si kitu. Uliza data ya mwisho ina umri gani.

Hilo nililijua kwa kuumia. Mwaka wangu wa kwanza tulibadilisha betri ya ubao mama, nikarekebisha saa kwa mkono, nikaandika saa ya UTC mahali palipotaka saa ya hapa. Seva ikawa mbele kwa saa tano. LDM ilikuwa inafanya kazi, muunganisho upo, logi haina kelele, na hakuna hata baiti moja iliyoingia. Kwa kawaida LDM haitaki kitu kilichopitwa kwa zaidi ya sekunde 3600, na kwa saa yangu dunia nzima ilikuwa imepitwa. Nililaumu fayawoli mchana kutwa, nikawapigia watu wa mtandao mara tatu, mpaka nikaona aibu mwenyewe. Kwa hiyo kabla hujamlaumu mtu, andika chronyc tracking uone kama saa inasawazishwa, na uhakikishe huduma hiyo inawaka yenyewe seva ikiwashwa upya.

Saa ikiwa sawa na data haiji, uliza seva ya juu moja kwa moja:

notifyme -vl - -h jina.la.seva.ya.juu -f IDS -o 3600

Ikikujibu kwa mistari, tatizo liko kwako. Ikikukatalia, pengine hawana jina lako kwenye ALLOW zao, yaani orodha ya wanaoruhusiwa, au jina la seva yako halipatikani wakilitafuta kwa kuanzia anwani yako ya IP. Waandikie kwa adabu. Huko juu pia kuna mtu mmoja tu anayefanya kazi ya watu watatu.

Maombi yako yanakaa kwenye ldmd.conf, mistari ya REQUEST. Omba unachotumia. CONDUIT, ule wa modeli, ni mzito, hivyo usiuvute kwa ombi moja. Majina ya bidhaa zake yanaishia na namba. Gawa maombi matano kwa tarakimu ya mwisho, "[05]$", "[16]$" na kuendelea, ili mzigo upite kwenye miunganisho mitano. Ukiomba kitu kilekile kutoka seva mbili si kosa, LDM hutambua nakala na kuitupa.

Kinachofanyika data ikishafika kinaandikwa kwenye pqact.conf. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kati ya safu na safu panatakiwa Tab, ile ya kitufe cha Tab. Siyo nafasi, hata ziwe nane zilizopangwa vizuri. Kwa macho huoni tofauti. Kihariri chako kikiwa kinageuza Tab kuwa nafasi, kizime tabia hiyo leo. Ukishahariri, endesha ldmadmin pqactcheck, ikikubali ndipo ldmadmin pqactHUP, ili mabadiliko yasomwe.

Halafu foleni. Data yote hupitia kwenye faili moja, na ikijaa cha zamani kinasukumwa nje kumpisha kipya. Andika pqmon, tazama namba ya mwisho kabisa: ni umri wa bidhaa kongwe kwa sekunde. Nataka izidi 3600. Ikiwa ndogo, bidhaa zinaweza kufutwa kabla hazijahifadhiwa, na nakala iliyochelewa kutoka seva ya pili itapokelewa kama ngeni. Kuikuza: ldmadmin stop, regutil -s 4G /queue/size, ldmadmin delqueue, ldmadmin mkqueue, ldmadmin start. Angalia RAM uliyonayo kabla ya kuandika 4G.

Usiipime foleni siku ya jua. Rada za hapa ni kama 160, na anga likiwa tulivu rada moja huchukua kama dakika 10 kumaliza mzunguko. Mvua ikianza hushuka hadi dakika 4 hadi 6. Yaani data inafurika siku ileile ambayo kila mtu anaitaka. Mei moja diski yetu ilijaa jioni, tonado zikiwa zimetangazwa wilaya ya jirani. Skrini ya ukumbini iliendelea kuonyesha rada nzuri, rangi zote, ila ya dakika 40 zilizopita, na wanafunzi walikuwa wanaitazama wakijadiliana kama waende kwenye magari. Tangu siku hiyo scour.conf yangu, faili la kufuta data kongwe, hufuta rada baada ya siku 2, ldmadmin scour iko kwenye cron, ratiba ya kazi za seva, kila usiku, na kila picha ya ukumbini imeandikwa saa yake kwa herufi kubwa.

Mwisho weka kengele. Yangu ni ya kishamba, lakini imeniamsha mara nyingi:

find /data/rada -type f -mmin -15 | grep -q . || echo "rada kimya" | mail -s LDM mimi

Inatazama kama kuna faili jipya ndani ya dakika 15. Kila mkondo upe muda wake. METAR mpe dakika 75. GFS, modeli ya utabiri ya Marekani, huendeshwa mara nne kwa siku na huanza kufika kama saa tatu na nusu baada ya saa yake, ukiibana kwa dakika 15 utaichukia simu yako.

Kijana alinijibu jana usiku: "Kaka, pqmon inasema 412." Nikamwambia akuze foleni kwanza, Tab tutazikagua kesho.