Kutoka Dodoma kwenda kuwaona nyangumi: namna ya kupanga safari ya boti msimu wa kipupwe

Kuanzia Julai kila mwaka, nyangumi wa nundu huingia kwenye bahari yetu. Wanatoka maji ya barafu ya Antaktika, wanapanda na pwani ya Afrika mpaka kwenye maji ya vuguvugu ya Msumbiji, Tanzania na Kenya, wanapandana na kuzaa, kisha kufikia Oktoba au Novemba wanashuka tena kusini. Sisi wa Dodoma tuko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka ufukwe wa Dar es Salaam, na wengi hapa mjini wanaamini kwamba kwenda kumtazama nyangumi ni shughuli ya wageni wa kutoka ng'ambo. Mimi huandaa safari hizi kwa vikundi vya watumishi, wanafunzi na familia, na hapa naeleza jinsi ninavyozipanga.

Neno ninaloliweka mbele ya yote ni hili: anza na upepo, likizo ifuate. Vikundi vingi vinavyorudi na huzuni havikukosa fedha. Vilichagua tarehe, vikalipia kila kitu, ndipo vikauliza bahari ikoje.

Hatua ya 1: Chagua wiki

Nyangumi hufika wakati upepo wa kusi, ule unaovuma kutoka kusini, una nguvu. Upepo huo huanza kushika pwani mnamo Aprili au Mei, hukaza Juni hadi Agosti, na Septemba huanza kulegea. Ndiyo maana sikukuu za Sabasaba na Nane Nane, ambazo kila kamati ya safari huzikimbilia, mimi huziacha zipite. Julai nyangumi wapo, lakini bahari mara nyingi imechafuka na nahodha mwenye akili hatoki. Ninapoachiwa uamuzi, nachagua kati ya mwisho wa Agosti na mwisho wa Septemba. Nyangumi bado wapo, mama wengi wana watoto ubavuni, na asubuhi za bahari tulivu zinaongezeka. Mwanzoni mwa Oktoba bado kuna nafasi nzuri.

Ukishapata mwezi, tazama mwezi wa angani. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu: maji hujaa sana, hukupwa sana, na mikondo hukimbia. Maji mafu hufuata nusu mwezi. Mimi hupanga siku ya boti iangukie maji mafu, kwa sababu mkondo ni mpole na hamtembei mwendo mrefu juu ya matope na mawe kuifuata boti iliyokaa mbali na ufukwe. Hesabu hii unaifanya ukiwa Nkuhungu au Kikuyu hapa mjini Dodoma, ukitazama juu tu usiku.

Halafu weka siku ya akiba. Hapa sikubali mjadala na kamati yoyote. Kama mnalipia boti ya siku moja, kaeni pwani siku mbili za bahari. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri na tahadhari za baharini, na ukisikia tangazo la upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, siku hiyo mnakaa nchi kavu. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, katikati ya msimu huu huu, na watu wengi walipoteza maisha. Siku ya akiba ndiyo inayompa nahodha ujasiri wa kusema "leo hapana", na inawapa nyinyi moyo wa kumsikiliza.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Kwa mtu wa Dodoma, Unguja ndiyo rahisi zaidi. Boti hutoka Nungwi kule kaskazini, au Kizimkazi kule kusini, ambako hata msipomwona nyangumi mna nafasi nzuri ya kuwaona pomboo.

Mafia ni tulivu na mimi naipenda kuliko zote, ila kufika kunataka ndege ndogo kutoka Dar es Salaam au chombo kutoka Nyamisati. Mkienda huko, muwe makini na jambo moja. Mafia inajulikana zaidi kwa papa potwe, samaki mkubwa mwenye madoa meupe anayeonekana hasa kati ya Oktoba na Machi. Huyo ni papa, anapumua kwa matamvua, na watu huruhusiwa kuogelea karibu naye kwa utaratibu. Nyangumi ni mnyama anayenyonyesha, anapumua hewa kama sisi, na msimu wake ni mwingine. Nimeona vikundi vikilipia safari ya potwe vikidhani ni ya nyangumi. Mtajieni mwenye boti jina kamili la mnyama mnayemtaka kabla ya kutoa senti.

Msimbati, Mtwara, nako nyangumi hupita. Kutoka Dodoma ni mbali, kwa hiyo nenda kama una wiki nzima.

Hatua ya 3: Mpate nahodha kabla ya kupata hoteli

Mpigie simu, msalimie vizuri, kisha muulize maswali manne. Je, wiki hii umewaona, na upande gani? Boti ina mashine ngapi? Nataka mbili, maana moja ikizima mbali na nchi, ya pili ndiyo inayowarudisha. Jaketi okozi zipo za watu wote, zikiwemo za watoto? Na swali la mwisho, ambalo kwangu ndilo linaloamua: "Nahodha, ukimkuta mama na mtoto, unafanyaje?"

Akijibu kwamba atawasogeza mpaka mmguse, mshukuru na utafute mwingine. Nahodha ninayemwamini husema hupunguza mwendo akiwa bado mbali, hukaa ubavuni, huondoa gia na kusubiri. Muulize pia kama chombo kina usajili na ukaguzi. Bara hiyo ni kazi ya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania; Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Anayekasirika kwa swali hilo amekujibu tayari.

Bei ijadiliwe kwa boti nzima, si kwa kichwa, na ielezwe wazi kama mafuta yamo, mtakaa baharini saa ngapi, na fedha itakuwaje upepo ukizuia safari. Mtu anayekuahidi kwamba lazima mtamwona nyangumi anauza kitu asichokimiliki.

Hatua ya 4: Michango na tiketi

Anzeni kuchanga Machi au Aprili, mhazini awe mmoja, na risiti ziwekwe kwenye kundi la simu kila mwisho wa mwezi. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inatufikisha Dar es Salaam kwa saa tatu na nusu hivi, na kutoka stesheni hadi bandari ya boti za Unguja si mbali. Kuvuka ni kama saa mbili. Kila mtu abebe kitambulisho. Msikate tiketi ya treni ya kurudi jioni ya siku ile ile ya boti. Hapo ndipo siku ya akiba huliwa bila watu kujua.

Hatua ya 5: Zoezi la macho, hapa hapa Dodoma

Jumamosi moja kabla ya safari huwapeleka watu Mlima Simba na darubini mbili tatu. Tunapanda juu ya mwamba, tunatazama tambarare mpaka upeo wa macho. Kazi ni moja: gawanya upeo vipande, pitisha macho polepole kutoka kushoto kwenda kulia, pumzika, rudia. Mwanzo tafuta kwa macho matupu. Darubini ishike ukishaona kitu. Mtu asiyezoea hurusha macho huku na kule, na baharini atachoka ndani ya robo saa. Aliyefanya zoezi hili mara nyingi ndiye anayemwona nyangumi wa kwanza, hata kabla ya mabaharia.

Siku hiyo hiyo tunavaa jaketi okozi na kufunga kamba zote. Wengi wetu tuliokulia bara hatujui kuogelea, na jaketi lililovaliwa bila kufungwa halimsaidii mtu.

Hatua ya 6: Mavazi, tumbo na dawa

Watu wa Dodoma huacha sweta nyumbani wakisema pwani ni joto. Chukua lile lile koti unalovaa asubuhi ya Julai ukienda kazini. Boti ikishika mwendo, upepo na rasharasha za maji ya chumvi hutetemesha. Juu ya hilo ongeza kofia yenye kamba, miwani ya jua, kanga au kikoi, nguo kavu za kubadili, na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Usiku wa kuamkia safari kula kidogo na ulale mapema. Asubuhi kunywa uji mwepesi au kula ndizi na kipande cha chapati kavu. Mihogo ya kukaanga na supu yenye mafuta viachwe mpaka mtakaporudi. Anayechafukwa na moyo kwenye basi la milimani aulize duka la dawa vidonge vya kichefuchefu cha safari na avimeze kabla ya kupanda, kwa kuwa ukishaanza kutapika havikai tumboni. Vingi huleta usingizi. Mjamzito, mwenye shida ya mgongo na mtoto mdogo sana wabaki ufukweni, au wamwone daktari kwanza. Tangawizi husaidia wengine. Kaa katikati au nyuma ya boti, karibu na tezi, kwa sababu omo, yaani mbele, ndiko kunakorushwa zaidi, na utazame mbali.

Hatua ya 7: Baharini, jinsi ya kumtafuta

Ondokeni saa 12 na nusu asubuhi. Upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda, na maji yakishajaa vichwa vyeupe vya mawimbi, pumzi ya nyangumi haionekani tena.

Pumzi ndiyo alama ya kwanza. Akitoka juu kupumua hutoa wingu la mvuke la mita tatu hivi, fupi na lililotanuka, ambalo hudumu sekunde chache. Baada yake unaona mgongo mweusi na pezi dogo lenye nundu. Atapumua mara kadhaa, kisha mgongo unapinda sana na mkia unanyanyuka. Mkia ukinyanyuka hivyo, amezama kwenda chini: tazama saa. Mara nyingi hurudi ndani ya dakika 15. Juu ya maji, pale alipozama, hubaki duara laini lisilo na viwimbi, na hilo nalo ni dalili ya kufuatwa na macho.

Mkubali kukaa kimya. Watu hukata tamaa dakika ya kumi, wanaanza kupiga soga na kutazama simu, na mnyama anatokea nyuma yao. Mimi humpa kila mtu upande wake: wawili omo, wawili tezi, wengine kulia na kushoto.

Basi kubwa la mkoani lina mita 12. Nyangumi mzima wa nundu anaweza kufika mita 15 na uzito wa tani 30. Anaporuka mwili mzima nje ya maji, sauti ya kuanguka kwake huwafikia baada ya macho kuona. Mapezi yake ya ubavuni ni marefu, karibu theluthi ya mwili, na mara nyingine hulala ubavu akiyapiga juu ya maji. Madume huimba chini ya maji, wimbo wenye mpangilio unaorudiwa kwa saa nyingi. Nahodha akiwa na kinasa sauti cha majini, mwombe akishushe mashine ikiwa imezimwa.

Hatua ya 8: Mkishamwona

Mita 100. Hicho ndicho kiwango kinachofuatwa sehemu nyingi duniani, na penye mtoto kaeni mbali zaidi. Boti isimkabili kwa mbele, isimfuate kwa nyuma; iende sambamba naye, polepole, kisha iondolewe gia. Isipite kamwe kati ya mama na mtoto. Boti nyingine zikiwa zimeshamzunguka, nyinyi subirini mbali. Nusu saa inatosha, kisha mwacheni. Yeye akiamua kuwasogelea, tulieni, mashine isiwashwe.

Sababu yake ni ya kweli na inaumiza ukiijua. Mama huyo karibu hali kitu miezi yote aliyo huku. Chakula chake, uduvi mdogo wa Antaktika, kiko maelfu ya kilomita kusini. Anaishi kwa mafuta aliyohifadhi mwilini, na kwa mafuta hayo hayo anamnyonyesha mtoto aliyezaliwa na uzito wa karibu tani moja, anayehitaji kunenepa kabla ya kuingia maji ya baridi. Kila mara boti inapomkimbiza, inamla akiba yake.

Karne iliyopita nyangumi wa nundu zaidi ya 200,000 waliuawa katika nusu ya kusini ya dunia. Mwaka 1963 uwindaji wao huko ulipigwa marufuku, mwaka 1979 Bahari ya Hindi ikatangazwa hifadhi ya nyangumi, na mwaka 1986 usitishaji wa kimataifa wa uwindaji wa biashara ukaanza. Wameongezeka tena kwa sababu watu waliacha. Kwa hiyo abiria akimshinikiza nahodha asogee kwa ahadi ya bakshishi, kiongozi wa kikundi asimame na kukataa, hapo hapo, mbele ya wote.

Hatua ya 9: Picha ya mkia

Usihangaike na picha ya kuruka; utaikosa kwa kuwa utakuwa unatafuta kitufe. Rekodi video fupi, au lenga mkia unaponyanyuka. Upande wa chini wa mkia una mabaka meusi na meupe, na kila nyangumi ana yake. Picha inayoonyesha upande huo vizuri inaweza kupandishwa kwenye tovuti ya Happywhale, ambayo hulinganisha mikia kutoka bahari mbalimbali na kukuarifu endapo mnyama wako ameshaonwa kwingine. Wakati wa kuipandisha andika tarehe, saa, na mahali mlipokuwa; mwombe nahodha akusomee kipimo cha mahali kwenye kifaa chake mkiwa bado hapo hapo, na uandike kama alikuwa peke yake au na mtoto.