Somo: Umeshinda Powerball ukiwa Houston, kesho asubuhi unaanzia wapi?

Wakuu, habari za leo. Kila donge, yaani zawadi kuu ya Powerball, bahati nasibu ya huku Marekani, likivuka dola bilioni moja, simu yangu inajaa swali hilohilo moja. Mimi kazi yangu ni kutayarisha ripoti za kodi, wateja wengi ni Wabongo na Wakenya wa hapa Houston, basi nimeona niandike mara moja yaishe.

Kwanza tuwekane sawa. Uwezekano wa tiketi moja ya Powerball kula donge kuu ni 1 kati ya 292,201,338. Chukua Watanzania wote waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022, uwazidishe karibu mara tano, kisha ufumbe macho umchomoe mmoja. Kwa hiyo wengi wenu somo hili hamtalitumia kwa mabilioni. Lakini mengi yake yanafaa hata kwa tiketi ya kukwangua ya dola elfu kumi, na hiyo nimeishuhudia.

HATUA YA 1: Tiketi

Tiketi ile ni kama noti. Aliyeishika ndiye mwenyewe mpaka ithibitike vinginevyo. Hapa Texas, saini nyuma kwa kalamu ya wino, piga picha mbele na nyuma, iweke kwenye bahasha, bahasha iende sanduku la benki. Usiipige laminesheni na usiiache kwenye dashibodi ya gari: karatasi yake ni ya kuchapwa kwa joto, kama risiti ya sheli, jua la Julai la Houston litaigeuza nyeusi tii.

Angalizo: kuna majimbo, kama Ohio, ambako mtu hupokea zawadi kupitia amana ya kisheria, wenyewe wanaita trasti, ili jina lake lisijulikane. Huko ukikimbilia kusaini jina lako unaweza kujiharibia. Ficha tiketi, tafuta wakili siku hiyohiyo.

HATUA YA 2: Simu yako

Mteja wangu mmoja alikwangua tiketi akapata dola 10,000. Hajatoka hata kwenye maegesho ya duka, picha iko statasi ya WhatsApp, namba zote zinasomeka. Aliponiletea karatasi zake mwezi wa pili alinionyesha daftari la shule alilokuwa ameandika ahadi: bati za baba mdogo, ada za watoto wawili wa dada yake, mchango wa harusi, bodaboda ya mtu ambaye hakumkumbuka vizuri. Tulijumlisha pale mezani, ikafika dola 13,400. Na alikuwa amepokea 7,600 tu, kwa sababu ushindi wa zaidi ya dola 5,000 hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 24 palepale.

Basi nyamaza. Texas una siku 180 tangu droo kudai zawadi yako, na ukishinda dola milioni moja au zaidi sheria inakuruhusu jina lako lisitangazwe. California ni kinyume, jina linawekwa hadharani. Siku 180 ni nyingi. Nenda kazini Jumatatu kama kawaida, hata kama moyo unakwenda mbio.

HATUA YA 3: Watu watatu

Wakili wa mirathi na amana, mhasibu mwenye leseni ya CPA, na mshauri wa fedha anayebanwa na sheria kutanguliza maslahi yako, anayelipwa ada na wewe na si kamisheni ya anachokuuzia. Shemeji aliyesoma biashara hayumo. Mimi pia simo: ripoti ya mshahara nakufanyia vizuri, lakini milioni mia ni kazi ya watu wengine, na sioni aibu kusema.

HATUA YA 4: Mkupuo au awamu, na kodi yenyewe

Hapa ndipo watu wanapodanganyika. Lile tangazo la barabarani ni jumla ya malipo 30 ndani ya miaka 29, kila mwaka yakiongezeka asilimia 5. Ukitaka mkupuo, yaani hela yote kwa mara moja, unapata pungufu ya hapo. Novemba 2022 tiketi ya California ilishinda dola bilioni 2.04, lakini mkupuo wake ulikuwa dola milioni 997.6.

Sasa toa kodi. Zuio la asilimia 24 ni kama milioni 239. Mtu anaona 758 imebaki, anaanza kuangalia majumba. Ngoja! Daraja la juu la kodi ya serikali kuu ni asilimia 37. Ile 13 iliyobaki, karibu milioni 130, unadaiwa, na wanaisubiri ripoti yako mwaka unaofuata. Mkononi ni takribani milioni 628, na hapo California haitozi kodi ya jimbo kwa bahati nasibu yake. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. New York wanakata.

Maoni yangu? Mtu mwenye nidhamu na washauri wazuri achukue mkupuo. Mwenye daftari kama la yule mteja wangu achukue awamu, maana akiharibu mwaka huu, mwaka kesho hundi inakuja tena.

HATUA YA 5: Pesa ilale wapi

Bima ya amana za benki, FDIC, inalinda dola 250,000 tu kwa mtu mmoja katika benki moja kwa aina moja ya umiliki. Miezi sita ya kwanza iweke kwenye dhamana za muda mfupi za serikali ya Marekani. Usinunue kitu. Sawa, nunua gari moja.

HATUA YA 6: Nyumbani

Ukiwatumia ndugu, anayehusika na kodi ya zawadi ya Marekani ni wewe mtoaji, si wao. Mwaka 2026 unaweza kumpa kila mtu hadi dola 19,000 bila kujaza fomu. Ukizidisha unajaza fomu 709, lakini hulipi kitu mpaka zawadi zako za maisha zipite dola milioni 15. Ada ikilipwa moja kwa moja shuleni, na matibabu moja kwa moja hospitali, haihesabiwi kabisa. Kwa hiyo usimtumie mjomba hela ya ada. Ilipe shule. Kodi inakaa sawa na mjomba hajaribiwi.

MASWALI YENU

Swali: Kaka, mume wangu anacheza kwa hela yake ya mfukoni. Akishinda mimi nimo?
Jibu: Umo, dada. Texas kinachopatikana ndani ya ndoa ni cha wote wawili, hata tiketi akiificha kwenye soksi.

Swali: Mpwa wangu yuko hapa kwa F-1, viza ya mwanafunzi. Anaruhusiwa?
Jibu: Kudai zawadi hakuhitaji uraia. Ila miaka mitano ya kwanza kwa kawaida huhesabiwa si mkazi wa kikodi, hivyo hukatwa asilimia 30, na Tanzania wala Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kuipunguza. Na ushindi haumpi makaratasi ya kuishi.

Swali: Kazini tuko wanane tunachanga dola mbili mbili. Tufanyeje?
Jibu: Andikeni kabla ya droo: nani katoa, tiketi zipi, nani anazitunza. Piga picha, itume kwenye grupu lenu. Mkishinda kuna fomu 5754 ya kugawa ushindi ili kila mtu abebe kodi yake, la sivyo mzigo wote unamwangukia aliyekwenda dirishani.

Swali: Shikamoo mkuu. Nimepata ujumbe nimeshinda dola 850,000, nitume 300 za usajili. Niko Mwanza.
Jibu: Marahaba. Tiketi ulinunua wapi? Kama hukununua, hujashinda. Ni ndugu wa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Hata bahati nasibu ya green card hawakuandikii barua pepe kwamba umechaguliwa, unaingia mwenyewe kwenye tovuti yao na namba yako ya uthibitisho.

Swali: Ustadh, hela ya kamari ikijenga msikiti inakuwaje?
Jibu: Hilo mpelekee sheikh wako. Mimi kwenye fomu naandika tu "mapato mengine".