Kijana mgeni darasani: aanze na daftari la jirani

Ukiwa na kijana aliyetoka Ndola au Lusaka, Zambia, kuja kusoma Lubumbashi, Kongo, usingoje ajue Kifaransa ndipo apate marafiki. Mwambie aazime daftari la jirani wa dawati, anakili somo lililompita, alirudishe kesho yake asubuhi likiwa safi, kurasa hazijakunjwa. Hapo mazungumzo yameshaanza. Naye ana cha kutoa: Kiingereza, somo linalowatoa wenzake jasho. Wabadilishane wakati wa mapumziko. Kibemba, lugha ya huko Zambia, asikifiche, mjini hapa wanaokisikia si wachache. Nawe mzazi, kamwone mwalimu wa darasa mapema, umwombe asimsimamishe kusoma kwa sauti wiki za kwanza. Darasa likishacheka matamshi yake, jina la utani litamganda mpaka mwaka uishe.