Kuwahesabu wagonjwa wasiosahau: dimensia ya frontotempora Mombasa

Kabla hujashika kalamu, badilisha swali lako la kwanza. Mimi nilizunguka Kibokoni nikiuliza, "Nyumba hii kuna anayesahau-sahau?" Mama mmoja akanijibu, "Bwanangu hasahau hata deni la shilingi, mwanangu. Ila si yeye tena." Nikaandika "hakuna", nikaenda zangu. Miaka miwili baadaye picha ya MRI ilionyesha sehemu ya mbele ya ubongo wake imesinyaa. Jibu alikuwa ameshanipa yule mama, na mimi sikulisikia.

Ugonjwa huu, dimensia ya frontotempora, yaani kusinyaa kwa ubongo sehemu za mbele na za pembeni, ambao daktari Arnold Pick alianza kuueleza huko Prague mwaka 1892, mara nyingi humshika mtu wa miaka 45 hadi 65, na huanzia kwenye tabia au lugha. Kwa hiyo siku hizi nauliza hivi: kuna mtu aliyekuwa na haya, sasa hana? Mkewe analia mbele yake naye hashtuki? Hakuwa mpenda tamu, na sasa akiwekewa halwa haachi mpaka sahani iishe? Lazima iwe amebadilika. Mtu aliyezaliwa mkali si mgonjwa.

Usitegemee kupiga hodi peke yake. Utafiti wa Cambridge, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2002, ulipata wagonjwa 15 kwa kila watu 100,000 wa miaka 45 hadi 64. Kwa kiwango hicho, ukiwafikia watu 2,000 wa umri huo huenda usimpate hata mmoja, kisha utangaze kwamba Pwani ugonjwa haupo. Kusanya orodha: kliniki za akili na za mishipa ya fahamu, wahudumu wa afya ya jamii, vituo vya waraibu, na maustadhi wanaowasomea watu. Hawa wa mwisho usiwaruke. Familia nyingi huanzia kwao, zikidhani ni jini au hasidi.

Kisha linganisha orodha. Tuseme kliniki zina majina 20, wahudumu wana 15, na majina 5 yamo kote kuwili. Zidisha 20 kwa 15, gawanya kwa 5: unakadiria wagonjwa 60, ingawa umewaona 30 tu. Hesabu hii yataka orodha zisilishane. Ikiwa kliniki ndiyo inayowapa wahudumu majina, yatafanana mno na jumla itakuwa ndogo kuliko ukweli.

Usimhesabu mtu kabla ya kupimwa kaswende, virusi vya UKIMWI, tezi ya shingo na upungufu wa vitamini B12, na kabla daktari hajaangalia ulevi na maradhi mengine ya akili.

Vipimo vya lugha ndivyo vinavyonikosesha usingizi. Kwa Kiingereza, mgonjwa anayepoteza maana za maneno hujulikana pia kwa kukosea kusoma maneno yasiyotamkwa kama yalivyoandikwa. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtego huo haunasi kitu hapa. Tumia vyombo vya nyumbani. Nilimwekea bibi mmoja mbuzi ya nazi, kifaa alichokikalia jikoni miaka arubaini. Akayapapasa meno ya ile mbuzi, akaigeuza. "Hiki... kitu." Nikamwambia ni mbuzi. Akanitazama, akauliza kwa matamshi safi kabisa, "Mbuzi ndiyo nini?" Nikamwonyesha picha ya mbuzi mnyama. Hakumjua pia. Binti yake, aliyekuwa mlangoni, akaondoka akienda kulia.

Sasa kigawanyo, yaani idadi ya watu utakayoigawia hesabu ya wagonjwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 kaunti ya Mombasa, lakini usigawanye kwa hao wote. Chukua wa miaka 45 hadi 64 tu. Chagua siku moja ya hesabu, na uwatoe waliokuja kutibiwa kutoka Kilifi, Kwale au Lamu. Mgonjwa wa Likoni aliyepelekwa kwa nduguze Lamu, amua mapema utamweka wapi, na uiandike kanuni hiyo.

Wala usiazime takwimu za wengine ukazivisha Mombasa. Hitilafu ya jeni C9orf72, inayorithisha ugonjwa huu katika baadhi ya koo na iliyogunduliwa mwaka 2011, ni ya kawaida kwa wagonjwa wa Finland na nadra sana Japani. Chora ukoo wa kila mgonjwa, vizazi vitatu, pamoja na waliokufa "wakiwa na wazimu".

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti Kenya, na cha kamati ya maadili kiwe mkononi kabla ya hodi ya kwanza. Ridhaa iombe kwa mgonjwa na kwa anayemtunza pia, kwani mwenyewe mara nyingi haoni kwamba anaumwa. Na ukiingia, kaa na mkewe faragha. Mbele ya bwana hatasema.