Kusikiliza hedifoni na amplifaya za hali ya juu kwenye mkutano wa wapenzi wa sauti, hatua kwa hatua

Katika mkutano wetu wa mwisho nilikaa na binti mmoja aliyekuja kwa mara ya kwanza. Alikuwa amezunguka meza zote kwa saa tatu na kuvaa hedifoni kumi na mbili, kisha akaniuliza, "Kaka, sasa nimesikia nini?" Lilinigusa swali hilo, maana nami niliwahi kutoka kwenye mkutano kama huo nikiwa na jibu ambalo halikuwa la kweli. Tulirudi kwenye meza tatu tu, tukafuata utaratibu ninaouandika hapa, na safari hii alijua alichokipenda na sababu yake.

Hatua ya nne ni ndefu kuliko nyingine zote. Ukiwa na haraka, anzia hapo.

Hatua ya 1: Chagua nyimbo tano

Tano zinatosha. Ziwe nyimbo unazozijua mpaka mwimbaji anapovuta pumzi. Mimi huchukua moja ya sauti ya mtu na ala moja, moja yenye besi inayoshuka chini kabisa, moja ya kwaya kubwa ili nione kama sauti zinatengana au zinarundikana, na moja iliyorekodiwa jukwaani mbele ya watu. Ya tano huwa wimbo ninaoupenda sana ambao rekodi yake ni mbaya. Hedifoni nyingi hupendeza kwa rekodi nzuri. Ninachotaka kujua ni kama hiyo iliyo mbele yangu itaniacha nifurahie na muziki wangu wa kila siku.

Faili za FLAC (aina inayohifadhi muziki bila kupunguza ubora) za biti 16 na kilohezi 44.1 zinatosha kabisa, kwa hiyo usipoteze usiku kucha ukitafuta kubwa zaidi. Cha maana ni kubeba toleo lilelile unalosikiliza nyumbani, kwa sababu wimbo uliosafishwa upya mara nyingi huwa na sauti kubwa zaidi na besi tofauti. Weka nyimbo ndani ya simu au pleya, usitegemee intaneti ya ukumbini, na zima ekwalaiza.

Hatua ya 2: Fika mapema, masikio yakiwa yamepumzika

Hedifoni za mgongo wazi, yaani zisizozibwa kwa nje, kama Sennheiser HD 800 au Focal Utopia hupitisha kila neno linalosemwa ukumbini. Zisikilize katika saa ya kwanza, kabla watu hawajajaa. Zile zilizofungwa ziache kwa baadaye.

Ukumbi ukishachangamka, mkono wako utaanza kupandisha volyumu bila wewe kujua. Kipimo kinachotumika sana kulinda masikio kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: desibeli 94 ni saa 1, desibeli 100 ni dakika 15. Kila nusu saa mimi hutoka nje dakika kumi nikakae kimya, hata kama foleni ya meza niliyoitaka imepungua. Masikio yakishachoka hukosa makali ya juu, na hedifoni inayochoma itakuonekea tamu.

Hatua ya 3: Omba, shusha, kisha chomeka

Mwombe mwenye kifaa, na mwache akuonyeshe anavyotaka kishikwe. Kabla ya kuchomeka au kuchomoa, shusha volyumu hadi sifuri na weka geini (swichi ya kiwango cha ukuzaji) chini. Usilipuuze hili, kwani hujui aliyekutangulia alikuwa anasikiliza nini. HiFiMAN HE-6, kwa mfano, ina usikivu wa desibeli 83.5 tu kwa miliwati moja na impidansi (ukinzani wake kwa umeme wa sauti) ya omu 50. Kufikia kilele cha desibeli 110 inahitaji karibu miliwati 450, yaani volti 4.7 hivi. Ukichomeka vile vidogo vya ndani ya sikio kwenye amplifaya iliyoachwa kwenye kiwango hicho, utaumia.

Jambo jingine ni plagi. Hedifoni yenye waya wa balansi, yaani kila upande una nyaya zake chanya na hasi, unaweza kuiunganisha kwenye tundu la kawaida la milimita 6.35 kwa adapta bila madhara. Kinyume chake usifanye kamwe. Ukichukua hedifoni yenye plagi ya kawaida ukaitia kwenye tundu la balansi kwa adapta, unaunganisha pamoja nyaya hasi za kushoto na kulia, na amplifaya inaweza kuungua. Adapta za namna hiyo zinauzwa, lakini kuuzwa kwake hakuzifanyi salama.

Hatua ya 4: Sawazisha kiwango cha sauti

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa saa nne nikilinganisha amplifaya mbili kwa hedifoni moja. Kubwa ilishinda kila wimbo. Besi ilikuwa na mwili, kwaya ilikuwa pana, nikasikia vitu ambavyo ndogo ilikuwa "imevificha". Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu fedha. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa akinitazama akaleta multimita yake, akapima, akanionyesha namba mbili bila kusema neno. Ile kubwa nilikuwa naisikiliza kupitia tundu la balansi, na volyumu ya zote mbili nilikuwa nimeiweka kwa kutazama nobu tu. Tundu la balansi kwa kawaida hutoa volti mara mbili ya tundu la kawaida la amplifaya hiyohiyo, na volti mara mbili ni desibeli 6. Tuliposawazisha, sikuweza tena kusema ipi ni ipi. Saa nne zote nilikuwa nalinganisha volyumu.

Sababu yake iko masikioni mwetu. Fletcher na Munson walichapisha mwaka 1933 vipimo vinavyoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupokea besi kidogo kuliko sauti za kati. Ukipandisha volyumu, besi inajaa hata kama kifaa hakijabadilika. Na tofauti ikiwa ndogo sana, nusu desibeli hivi, hutaisikia kama kelele zaidi. Utaisikia kama "uwazi" na "uhai". Ndiyo maana hadaa hii huwapata hata watu makini.

*Ukilinganisha amplifaya mbili kwa hedifoni moja:*

Chukua multimita. Programu za simu za kupima kelele sizikubali kwa kazi hii: namba inaruka kila mtu akicheka, na kuibadilisha simu mahali kidogo tu kunabadilisha jibu. Multimita ya kawaida inayotumia betri inatosha. Amplifaya zote mbili zilishwe na DAC moja (kifaa kinachogeuza faili kuwa umeme wa sauti). Kwenye tundu la amplifaya ya kwanza weka adapta ya matundu mawili: moja la hedifoni, jingine la plagi ya zamani ambayo umeacha nyaya zake wazi ili uzipime.

Vua hedifoni kichwani. Cheza toni tupu ya hezi 400. Nimechagua 400 kwa sababu multimita nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa umeme wa ukutani wa hezi 50 au 60, na juu ya hezi 400 zinaanza kudanganya. Toni ya hezi 1000 inayopendekezwa na wengi itakupa namba, ila usiiamini mpaka uwe umeihakiki mita yako. Weka mita kwenye volti za AC na usome. Tuseme ni volti 0.500. Nenda kwenye amplifaya ya pili, hedifoni ileile ikiwa imechomekwa, na zungusha nobu mpaka upate 0.500. Ukiwa kati ya 0.489 na 0.511 uko ndani ya desibeli 0.2, na hapo ninaridhika. Bandika kipande cha utepe wa karatasi kwenye nobu na uweke alama kwa kalamu.

Sasa tahadhari, na kila moja nimeilipia kwa muda wangu.

Hedifoni lazima iwe imechomekwa wakati wa kupima, hasa kwa amplifaya za valvu (mirija ya kioo inayokuza umeme badala ya transista) zisizo na transfoma ya kutoa. Hizo huwa na impidansi kubwa ya kutoa, yaani ukinzani wa amplifaya yenyewe, na volti hushuka hedifoni inapochomekwa. Amplifaya ya transista yenye impidansi ya kutoa chini ya omu 1 haitaonyesha tofauti yoyote ya maana kwa hedifoni ya omu 300.

Kwa amplifaya hizohizo za valvu, kusawazisha kwa toni moja hakusawazishi kila kitu. Sennheiser HD 600 imeandikwa omu 300, lakini karibu na hezi 100 impidansi yake hupanda hadi zaidi ya omu 500. Kwenye amplifaya yenye impidansi ya kutoa ya omu 100, eneo hilo la besi litapanda kwa takriban desibeli 1 juu ya sauti za kati. Hilo si kosa lako la kupima. Ni tabia ya kweli ya vifaa hivyo viwili vikikutana, na ukiipenda, umependa kitu kilichopo. Usitumie toni ya hezi 60 au 100 kusawazisha hapo, maana utaishusha amplifaya nzima kwa sababu ya kilima cha besi.

Kwenye tundu la balansi, pima kati ya chanya na hasi ya upande mmoja. Kwa XLR ya pini 4, pini 1 na 2 ni kushoto, 3 na 4 ni kulia. Usipime kati ya pini na bodi ya amplifaya, utapata nusu.

Angalia pia nobu imefika wapi. Nobu nyingi za analogi zikiwa chini sana hazilingani pande mbili, na mwimbaji anahama kutoka katikati. Ukisikia hivyo, shusha geini, au shusha sauti kutoka kwenye pleya, ili nobu ipite angalau robo ya mzunguko. Kisha pima upya.

*Ukilinganisha hedifoni mbili:*

Hapa volti hazisaidii, kwa sababu kila hedifoni ina usikivu wake na umbo lake la sauti. Mimi hutumia pinki noizi, ule mvumo unaofanana na mvua kubwa. Nausikiliza nusu dakika kwa kila hedifoni na kusawazisha kwa sikio, nikizingatia sehemu ya katikati ilipo sauti ya mtu. Kisha nacheza wimbo mmoja mara tatu: kwa kiwango hicho, kikiwa juu kidogo, na kikiwa chini kidogo. Kama upendeleo wako unahama volyumu inapohama, bado hujapata jibu.

Hatua ya 5: Sikiliza

Vaa vizuri. Miwani huinua mito ya masikioni na besi inavuja, hasa kwa hedifoni zilizofungwa na nyingi za plana (zenye utando bapa unaosukumwa na sumaku). Ivue ukiweza. Usizibamize hedifoni za plana kichwani kwa nguvu, maana hewa inayosukumwa inaweza kuukunja utando wake.

Rudia kipande kilekile cha sekunde kumi au kumi na tano ukihama haraka, kwa sababu kumbukumbu ya sauti hufifia upesi mno. Ukishapata tofauti, acha kulinganisha na usikilize wimbo mzima kwa raha. Raha nayo ni sehemu ya kipimo.

Kwa amplifaya, mwombe mtu akubadilishie bila wewe kuona, mara kumi, huku ukiandika unachodhani. Ukipata 9, uwezekano wa kubahatisha ni karibu asilimia 1. Ukipata 8 ni zaidi kidogo ya asilimia 5, kwa hiyo rudia.

Hatua ya 6: Valvu na elektrostatiki

Valvu zipe dakika ishirini kupata joto, na usiziguse.

Elektrostatiki, yaani hedifoni ambazo utando wake husukumwa na umeme tuli badala ya sumaku, zinataka heshima zaidi. Kampuni ya Stax ilitoa ya kwanza, SR-1, mwaka 1960, na za leo zenye kiwango cha Pro hutumia volti 580 kuchaji utando. Hazichomekwi kwenye tundu la kawaida. Zina amplifaya zao na plagi ya pini 5. Mwache mwenyewe aunganishe. Ukisikia mlio mdogo unapokandamiza mto, usishtuke. Ni utando unaosukumwa na hewa. Nakuomba usiondoke mkutanoni bila kuzijaribu na ule wimbo wa sauti moja na ala moja. Mara ya kwanza nilizisikiliza nilisahau kwamba kuna watu wengine chumbani.

Hatua ya 7: Andika papo hapo

Andika jina la hedifoni, amplifaya, tundu ulilotumia, geini, volti ulizopima na wimbo. Maneno kama "nzuri sana" hayatakusaidia ukiyasoma baada ya wiki mbili. Andika "mwimbaji yuko mbele kuliko ninavyomjua" au "herufi s inachoma dakika ya pili". Binti yule aliandika mistari sita kwa meza tatu, akabandua utepe wake kwenye nobu, akarudisha volyumu hadi sifuri na kumwachia anayefuata.