Hata nesi ana zamu: namna ya kumuuguza mtu nyumbani bila ya weye mwenyewe kuanguka

Kilichonifungua macho mie si mawaidha wala daktari, ni nesi alokuwa anabadilisha viatu. Mama alikuwa kalazwa, kapooza upande wa kulia kwa kiharusi, mie nimekaa kwenye mkeka pembeni ya kitanda chake siku ya sijui ya ngapi. Saa nane mchana akaja nesi mwengine, wakashika daftari wawili wale, kitanda cha tatu kapewa dawa, kitanda cha nne homa haijashuka, kitanda cha tano mtizame dripu yake, alafu yule wa mwanzo akavua makubadhi ya kazini akavaa viatu vyake akaenda zake kwao. Hakugeuka nyuma. Na hakuna alosema hana huruma. Nikajiuliza, huyu kasomea kazi hii, analipwa, na bado hawamuachi aifanye peke yake kutwa kucha, sasa mie nani?

Lakini usidhani nilielewa siku ile ile, thubutu. Tulirudi nyumbani Wete nikaendelea peke yangu miezi saba, mpaka usiku mmoja mama kaniita mara ya nne anataka maji, nikampelekea kikombe nikakibwaga juu ya stuli maji yakamrukia usoni, na yeye kwa ule ulimi wake mzito akasema "nisamehe mwanangu". Yeye ndo aniombe msamaha mie! Nilikaa uwani mpaka adhana ya alfajiri. Haya nnayoandika ni yale nilofanya baada ya usiku ule, mengine niliyakosea kwanza ndo nikayapatia.

Kwanza jijue kama umeshafika huko. Kuchoka kwa kufua ukilala kunaondoka, huku hakuondoki. Unapata nafasi ya kulala na usingizi hauji, masikio yamebaki chumbani kwa mgonjwa. Unasahau kama dawa ya asubuhi umempa au hujampa. Unakula umesimama jikoni, sufuria mkononi. Mtu akipiga hodi unaona kero. Na kuna lile watu hawalisemi, unajikuta unasema moyoni Mungu ampumzishe tu, alafu unajilaumu siku nzima kwa kuliwaza. Wanaouguza wengi limewapitia wazo hilo, si kwamba humpendi, umeishiwa. Ila ukiwa unawaza kujidhuru weye, au mkono unakuponyoka ukampiga mgonjwa, hapo usisubiri kikao wala nini, muite mtu mmoja leo hii akae nae, weye nenda hospitali useme kila kitu kama kilivo. Na kumuona daktari wa akili si lazima iwe ndo unalazwa Kidongo Chekundu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Unguja, watu wetu wanavodhani.

Hili wala si jambo la Wapemba peke yetu. Kuna mtaalamu wa saikolojia wa New York, Herbert Freudenberger, mwaka 1974 aliandika kuhusu watu wanaojitolea kwenye kliniki ya bure, namna walivokuwa wanaanza na moyo mkunjufu alafu taratibu wanakuwa wakali, wanaumwa vichwa, hawalali, na yeye mwenyewe yakamkuta. Na wale walikuwa na nyumba ya kurudi, sie tunaouguza kazini ndo nyumbani.

Watakwambia subira, mama ndo pepo yako. Mie naliamini hilo kabisa, lakini sijasikia popote kwamba pepo hiyo ni ya mtoto mmoja na wengine watano waangalie tu. Kwetu aliyeachika au asoolewa ndo anaonekana hana kazi, basi mgonjwa wake. Mie nilikuwa nimerudi kwa wazee, hakuna aloniuliza.

Sasa kazi yenyewe inaanzia kwenye daftari. Nunua la skuli, siku moja andika kila unachofanya na saa yake, usipambe usipunguze. La kwangu lilikuwa hivi, kumgeuza, kumbadilisha pampasi, kumuosha, kumpaka mafuta, uji, dawa ya presha, kumnyoosha mkono na mguu kama walivotuelekeza hospitali, kufua mashuka, sokoni, chakula cha mchana chake laini na cha nyumba mbali, kumgeuza, wageni, chai ya wageni, kumgeuza tena, usiku kuamka mara nne au tano. Nilipoihesabu nikalia. Mana mpaka hapo ndugu zangu wote walikuwa wanasema "dada anakaa na mama", kukaa! Neno lenyewe hilo ndo linaficha kazi.

Kisha ita kikao, na kikao akiite mkubwa wa ukoo si weye. Ami au mjomba akiita watu wanakuja, ukiita weye utaambiwa unalalamika. Usiende na machozi, nenda na daftari lisomwe mstari kwa mstari. Kaka yangu mkubwa alisikiliza mpaka mwisho akauliza "na unalala saa ngapi?", basi ule ukawa mlango. Hapo hapo gaweni zamu kwa siku na saa, maneno ya "tutasaidiana inshallah" usiyakubali, yale hayana siku. Wanaume watasema kumuosha mama hawawezi, na ni kweli kuna stara yake, wala usiwabishie, wape vyengine. Kaka akalala chumbani kwa mama Alhamisi na Jumamosi, anamgeuza, anampa maji, likija la kumbadilisha tu ndo ananiamsha. Usiku mbili za kulala kwa wiki, nakwambia nilihisi kama nimezaliwa upya. Dawa, kliniki, mkaa, sokoni, hizo zote za wanaume.

Walio mbali wana kazi yao pia. Sie tulikuwa na grupu la wasapu, watu ishirini na kitu, kila nikiandika hali ya mama wanajibu amin amin shafakallah na vile vimikono, na hakuna anoendelea. Nikaacha kuandika hali, nikaandika mahitaji, "pampasi zimebaki nne, wiki hii nani?" Kimya siku moja, ya pili dada wa Dar akatuma pesa kwenye simu, wa Muscat akaona haya akaubeba yeye mshahara wa mama mmoja wa jirani anokuja kufua mara mbili kwa wiki. Na kila Jumapili mmoja wao anampigia mama video nusu saa nzima, nusu saa ile mie naoga kwa raha zangu.

Majirani nao. Mtu anaaga mlangoni, "ukiwa na shida useme", na sie kwa adabu zetu tunajibu hamna shida Alhamdulillahi. Lifute jibu hilo. Sema "kesho baada ya laasiri njoo ukae nae mpaka karibu na magharibi, nina safari". Mie niliwaomba wanne hivo, wanne wote walikuja. Watu hawana ubaya, hawajui tu wafanye nini.

Mwili wako ndo mtaji, ukivunjika mgongo mnakuwa wagonjwa wawili. Kitanda chetu kilikuwa cha chini, kila nikimgeuza nainama kama napanda mpunga, kaka akaweka matofali chini ya miguu yote minne mpaka kikafika kiunoni kwangu, tena akayaangalia vizuri yasicheze. Usimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza wala usimnyanyue kwa kwapa, bega linatoka mahali pake. Tandika shuka la pili kwa kukunja, kutoka mabegani mpaka chini ya makalio, mnashika wawili kila mmoja upande wake karibu na mwili wa mgonjwa, mnakunja magoti mgongo umenyooka, moja mbili tatu mnamsogeza kwa shuka. Ukiwa peke yako usimnyanyue, mviringishe. Mkunje goti la upande wa mbali, shika bega na nyonga, mvute kuelekea kwako taratibu, mto mgongoni, mto mwengine baina ya magoti. Hospitali walitwambia kila masaa mawili ageuzwe asipate vidonda vya kulalia, na hapo ndo utaona kwanini mtu mmoja haiwezekani, masaa mawili mchana na usiku, nani anaweza hio?

Usiku una mambo mawili yalonisaidia sana. Mama alikuwa na kidonge cha presha kile cha kukojosha, mie nampa jioni kwa ujinga wangu, ndo mana tunabadilisha pampasi usiku kucha. Nilipomuuliza daktari akasema kipewe asubuhi. Na weye uliza ukienda kliniki, usihamishe dawa kwa kichwa chako. La pili ni kopo, kopo la maziwa nikatia kokoto, nikalifunga kamba kwenye kitanda upande wa mkono wake mzima. Akinitaka anatikisa. Kabla ya hapo nilikuwa nalala jicho moja, najitahidi nisikie anavopumua, sasa najua asipotikisa hana haja.

Na weye kula umekaa kitako. Ukimpeleka kupimwa presha mpe nesi na mkono wako. Mie nilimpimisha mama kliniki tano mfululizo, ya sita ndo nikapimwa mie, ya kwangu ikawa juu kuliko yake.

Kuna watu wanaandika mtandaoni ati jipende, nenda spaa, safiri kidogo. Spaa ya wapi, Wete? Mie yangu ilikuwa nusu saa baada ya laasiri, nakaa barazani nasuka ukili, sina ninachomfanyia mtu. Sharti moja tu, nusu saa hiyo usifulie. Utashawishika, utasema ngoja nianue nguo mara moja, na nusu saa ishaliwa. Mwanzo nilikuwa nakaa na roho inanisuta, nahisi nimemkimbia mama, ilichukua kama wiki tatu ikaacha.

Mpe na mgonjwa kazi kama anaweza, asiyefanya chochote anaita kila dakika kwa kuchoka kulala. Msimu wa karafuu mama nilimuwekea sinia mapajani, mkono wake wa kushoto ukajifunza kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vyake, polepole, nyengine zinamwagika kitandani, lakini asubuhi nzima haniiti, na jioni anauliza pishi ngapi. Shuka lilinukia karafuu mpaka basi.

Tena kuhusu karafuu, watu wa Pemba tupange mapema. Msimu ukiingia nyumba zinabaki tupu, kila mtu shamba, wewe na mgonjwa na kuku. Mwaka wa kwanza zamu zote zilivunjika mwezi mzima. Mwaka wa pili tukakubaliana kabla, anayekosa zamu yake anamlipia mtu wa kumkalia. Na Ramadhani hivo hivo, daku na futari viandikwe ni zamu ya nani, usiachiwe jiko na mgonjwa pamoja na funga juu.

Pesa sina mengi. Mzee akishafika miaka 70 kuna Pencheni Jamii ya serikali ya Zanzibar, ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadae ikaongezwa, nenda kwa sheha wa mtaa wako ukaulize kama hajaandikishwa. Chochote kinachoingia na kutoka kiandike kwenye daftari lile lile, kwa sababu ipo siku atatokea mtu aseme umekula pesa za mama.

Wageni! Kuja kumuona mgonjwa ni sunna, kukaa masaa matatu unapikiwa chai sijui ni nini. Mie nilisema wageni kuanzia saa kumi mpaka magharibi, na chai iko kwenye chupa, mtu ajimiminie. Shangazi alinuna, mwisho akazoea. Kuna anaekuja kukwambia mama kakonda humlishi, na anaekuja kusema huo si ugonjwa ni upepo mbaya, muachishe dawa umpeleke kwa fulani. Usibishane nao, utajichosha bure. Kiharusi ni mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka. Kisomo tulimsomea, maji ya dua alikunywa, na kidonge cha presha hakikukosa hata siku moja, vyote viwili vinakaa nyumba moja bila kugombana.

Mwisho kabisa andika karatasi ya siku utakayoumwa weye, uibandike nyuma ya mlango wa mgonjwa. Mie nilipata homa kali siku nne, dada akaja na boti kutoka Unguja hajui hata dawa ipi ni ipi, bahati karatasi ilikuwepo: dawa na saa zake, uji uwe mwepesi na sukari kidogo, alishwe amekaa asipaliwe, hapendi kulalia kushoto zaidi ya saa moja, namba ya daktari, namba ya mama wa kufua. Nilipoinuka nikaikuta karatasi ina mstari mpya chini kwa mwandiko wa dada: "Saa kumi muwashie redio, anapenda kusikiliza matangazo ya vifo."